Kicheko Mbele ya Siku

Siku nyingine zote katika nchi ile zilikuwa na adabu ya kupita. Zilikuja asubuhi, zikafanya lililozileta, zikaaga jioni, na aliyetaka kuzikumbuka alizikumbuka kwa hiari yake. Ni moja tu iliyogoma. Ilifika pamoja na vumbi la Jumba la Ahadi lilipoanguka, ikakaa kitako, na haikuinuka tena. Wenye nchi hawakuifukuza. Waliijengea banda katikati ya uwanja, wakaipa kiti kirefu cha mbao, wakaifunika ushungi mweusi kuanzia utosini hadi magotini, wakaiwekea walinzi. Ukimuuliza mwenyeji wa pale Siku iko wapi, hakutajii tarehe. Anakunyooshea kidole tu: ile pale, imekaa.

Msinune. Sura hii ni ya furaha, nasema mapema ili mwenye leso airudishe mfukoni. Lakini furaha yake imefukiwa chini ya vitu vizito, na hatuwezi kuifikia bila kuviondoa kimoja kimoja.

Kizito cha kwanza ni Jumba lenyewe. Nchi ile ilikuwa na desturi ambayo sijui niiite ya werevu au ya wendawazimu: mtawala akitoa ahadi ikashindwa kutimia, haikutupwa wala kuombewa radhi. Ilijengewa ghorofa. Palikuwa na ghorofa ya maji, kavu kama jangwa. Ghorofa ya barabara, ambayo ngazi zake zilikatikia njiani. Ghorofa ya amani, yenye milango ya chuma. Kila mtawala alipanda juu ya ahadi za waliomtangulia akapandisha yake, na watu wakaenda kushangilia, kwa sababu kusema kweli lilikuwa jengo zuri kulitazama kwa mbali. Hakuna aliyeshuka chini kuziuliza nguzo zinajisikiaje. Basi ikafika siku, adhuhuri, watu wamejaa wanasubiri ghorofa mpya izinduliwe, nguzo zikajibu bila kuulizwa.

Siwema alikuwa mwokoaji katika Kikosi cha Uokoaji. Mwanamke wa Kilimani, mabega mapana, mikono ya kubeba watu wazima kama mtu abebavyo kikapu, na kicheko kilichoanzia magotini. Kwao Kilimani walisema akicheka mbuzi wanakatika kamba. Tangu Siku ilipokaa, kicheko kile hakikusikika. Kila mwaka uwanja ulipojaa, aliitwa mbele ya ushungi mweusi kutoa ushahidi kwa maneno aliyopewa, nayo ni haya: tulisikia sauti, tukachimba, tukamtoa mtu mmoja akiwa hai. Akimaliza, Mkuu wa Huzuni, ofisa wa serikali aliyesimamia maombolezo, alipunga kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na taifa zima likalia. Kitambaa kikishuka, taifa likanyamaza na kwenda kula.

Alipokuwa peke yake Siwema alijiuliza swali moja, akalizungusha kila upande bila kupata mpini wa kulishika. Siku ni ya nani? Ni ya waliokufa ndani yake? Wao hawaidai. Ni ya waliotoka hai? Wao wanaiota hawaimiliki. Ni ya aliyeijengea banda na kuiwekea walinzi? Mbona basi yeye siku ile hakuwepo, alikuja baada ya vumbi kutua, akiwa amebadili viatu? Na kama siku ina mwenyewe, mwenyewe huyo anaweza kuikata vipande, akakitunza hiki na kukitupa kile, kama fundi cherehani na kitambaa cha mteja aliyesafiri? Lakini mwaka huu ninaousimulia, swali lilimjia likiwa na sura ya mtu, na mtu huyo alikuwa anatoweka.

Mtu mwenyewe ni Mzee Mfaume wa Bondeni, yule "mtu mmoja" wa ushahidi. Asubuhi ya mkusanyiko Siwema alimkuta nyuma ya banda, kwenye kiti cha waliookolewa, na kwanza alidhani kiti ni kitupu. Alipokaza macho ndipo alipomwona mzee, na kupitia kifuani mwake akaona ukili wa kiti uliosukwa, mistari yote.

"Shikamoo, mzee wa Bondeni," alisema.

"Marahaba, mtani wangu." Sauti ya Mfaume ilikuwa nyembamba, kama inatoka chumba cha jirani. "Umeniona? Una macho mazuri kwa mtu aliyelelewa kwenye ukungu. Jana mke wangu amenikalia."

"Amekukalia?"

"Nimekaa zangu kwenye mkeka, akaja na sinia la mchele, akanikalia, akaanza kuchambua. Nikamwambia, mama, mimi huyu. Akasema, upepo leo umezidi." Mzee alitabasamu, na tabasamu lilionekana kuliko mdomo. "Sikuumia hata kidogo, mtani. Hilo ndilo lililonitisha."

Siwema alipiga magoti mbele yake akataka kumshika mkono, na mkono ukawa baridi tu hewani. Akakumbuka mwaka wa kwanza baada ya ushahidi, mzee alipolalamika kuwa kivuli chake hakimfuati. Mwaka uliofuata nyayo zake hazikuandikwa mchangani. Kisha mbwa wa mtaani wakaacha kumbwekea, kisha mkewe akaanza kupika chakula cha mtu mmoja. Kila mara Siwema aliposimama na kusema yale maneno safi, kitu cha Mfaume kilibaki nje ya maneno, na kilichobaki nje hakikurudi nyumbani. Alikuwa amemtoa chini ya kifusi kwa mikono yake, halafu kila mwaka amekuwa akimrudisha kwa mdomo wake. Akisema tena vilevile leo, hapatakuwa na mtu kwenye kiti hiki. Aliliona hilo waziwazi kama alivyoona ule ukili.

Mkuu wa Huzuni alikuja akipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye mkono wa koti. Huyu bwana hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu nadhifu sana aliyepewa kitu kisichopangika akipange.

"Bi Siwema, uko tayari? Maneno unayo?"

"Ninayo. Ila leo nataka kuongeza."

"Kuongeza nini?"

"Kicheko."

Mkuu alitazama huku na huku kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe. "Kicheko cha nani?"

"Changu. Na chake huyu hapa. Na cha kikosi kizima. Tulicheka, bwana mkubwa. Tulicheka mpaka vumbi likatupalia."

"Bi Siwema." Alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu anayeogopa kweli. "Uwanjani kuna mama waliozika. Yule Mama Salha anakaa mstari wa mbele, unamjua. Utamtazama usoni umwambie siku aliyompoteza mwanawe wewe ulikuwa unacheka?"

Hapo Mkuu alimpata. Kwa sababu Siwema hakulazimishwa na mtu kuyakubali maneno safi. Aliyakubali mwenyewe, kwa ajili ya mama huyo. Siku ile, pale kicheko kilipomtoka kikamshinda, machela ilikuwa inapita nyuma yake. Juu yake palikuwa na msichana aliyefunikwa kanga, na nyuma ya machela alitembea mama yake, mikono inaning'inia. Siwema aligeuka akiwa bado mdomo wazi, meno nje, na macho yao yakakutana. Mama alipita. Tangu hapo wamekuwa wakionana kila mwaka, mmoja mbele ya ushungi, mwingine mstari wa mbele, wala hawajawahi kusemezana hata salamu.

"Haya," Siwema alisema. "Nimekusikia."

Mkuu alishusha pumzi akaondoka kwenda kukiweka sawa kitambaa chake.

Uwanja ulijaa. Siku ilikuwa imekaa vilevile chini ya ushungi, haipumui kwa namna ya kuonekana, na mbele yake watu wamesimama na nyuso walizotoka nazo nyumbani zikiwa tayari. Siwema alisogea. Akamwona Mama Salha, kanga ya buluu, mikono mapajani. Akaona kiti cha waliookolewa kikiwa karibu kitupu.

"Tulisikia sauti," alianza.

Kwenye kiti, vidole vya Mfaume vilizimika.

"Tukachimba."

Mkono ukazimika hadi kwenye kiwiko. Mzee aliutazama unavyokwenda, akainua macho kumwangalia Siwema, wala hakulalamika. Alifanya kama mtu anayemfungulia mgeni mlango ili atoke kwa raha.

Siwema alifungua kinywa kusema sentensi ya tatu, ikakataa. Badala yake alisikia filimbi. Hakuna aliyeipuliza uwanjani. Ilitoka kulekule, kwenye kifusi cha siku ile.

Filimbi ni amri ya kikosi. Ikilia, tingatinga linazimwa, nyundo zinashushwa, kila mtu anainua mikono juu na kusimama kama alivyo, hata kama ana jiwe kichwani, hata kama pua inamuwasha. Kimya. Ndipo mwokoaji mmoja analala kifudifudi juu ya kifusi, anaweka sikio kwenye ufa, anaita. Siku ile aliyelala alikuwa Siwema. Aliita alivyofundishwa, kwa lugha safi, taratibu, sauti nzito ya kutuliza hofu: "Ewe uliye chini! Jina lako ni nani? Uko peke yako au uko na nani?"

Kimya.

Kumbe chini kulikuwa na Mfaume, mzima, amebanwa na boriti mbili, gizani, vumbi mdomoni. Naye alikwisha kukata shauri kwamba amekufa. Ameangukiwa na nchi nzima, kuna giza, kuna ubano, udongo uko kila upande. Kama hili si kaburi, kaburi ni lipi? Na tangu utotoni, katika chuo cha Kurani, amefundishwa kwamba kaburini watakuja malaika kuuliza maswali. Sasa sauti nzito kutoka juu inamuuliza jina lake. Mzee akaona mambo yamewadia. Hakujibu kwa pupa. Mtu hajibu mtihani ule kwa papara. Alinyamaza akajipanga, akakumbuka majibu moja baada ya jingine, akajilaumu kwa uvivu wake wa sala ya alfajiri, akaomba asikwame katikati. Juu yake Siwema aliita tena, kisha tena, na mkuu wa kikosi akaanza kutikisa kichwa. Akiinua kidole, tingatinga litawashwa lisogee upande wa pili, na likisogea litapita juu ya Mfaume.

Kilichomwokoa ni vumbi. Lilimwingia Siwema puani, akapiga chafya kubwa, na baada ya chafya lugha safi ikamponyoka akasema kwa lafudhi ya kwao, ile ya kuvuta maneno kama anayepandisha ng'ombe mlimani: "Aaaka! Vumbi gani hili linaingia mpaka kwenye fikra?"

Na kutoka ndani ya ardhi, sauti ikasema, kwa mshangao na hasira:

"Haaa! Wa Kilimani? Malaika wa Kilimani? Haiwezekani. Hata kama dhambi zangu ni nyingi, sikustahili hili!"

Inafaa mjue, enyi msiotoka nchi ile, kwamba Kilimani na Bondeni ni watani. Zamani walipigana, wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana badala ya kuuana, na mapatano hayo ndiyo pekee katika nchi ile yaliyowahi kutimizwa bila kujengewa ghorofa. Mtani hakasirikiwi. Mtani akifiwa unakwenda kwake wewe wa kwanza, unamwosha maiti wake, unalia naye, halafu unavaa nguo za marehemu na kutembea alivyokuwa akitembea mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Bila mtani, matanga hayaishi. Watu hubaki wameshika tama wasijue nani awaruhusu kula. Siwema aliyajua haya kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo katikati ya kimya kikubwa kuliko vyote, mikono ya watu ikiwa juu, alicheka. Kilianzia magotini kikapanda. Mkuu wa kikosi alidhani amerukwa na akili.

"Yuko hai!" alisema, akijishika mbavu. "Yuko hai, na ni mjinga wa Bondeni!"

Hivyo ndivyo walivyomchimba Mfaume. Sauti yake ndiyo iliyowaonyesha njia, na ili sauti isikatike ilibidi atukanwe. Aliponyamaza kidogo tu, kope zikimlemea, Siwema alimpigia kelele ufani: "Watu wa Bondeni ninyi! Nyumba imewaangukia, mnaona ndiyo nafasi ya kulala!" Na kutoka chini: "Nani alale na kelele hizi? Mnachimba kama mnavyokula!" Wakasogeza jeki upande ule. "Mzee, nasikia kwenu mnaoga na kambale mmoja akiwasugua mgongo!" "Afadhali. Ninyi mguu mmoja mfupi kwa kuzaliwa kwenye mteremko, mkija tambarare mnazunguka palepale!" Wakapeleka mitaimbo kulia. Kikosi chote kikaingia. Wa Bondeni walimtetea mzee wao, wa Kilimani wakamwongezea Siwema matusi ya akiba, vijana wakipokezana mawe mkono kwa mkono huku wanacheka, vumbi limechora mifereji mashavuni mwao ambapo machozi yalipita, na hakuna aliyeweza kusema ni machozi ya nini.

Mara moja tu mzee alikata tamaa kweli. Boriti ilihama, akaguna, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mtani, niacheni. Nimechoka."

Siwema alilaza shavu kwenye jiwe. "Sawa. Lakini ukinifia hapa, mimi ndiye mtani wako. Nitakuja matangani. Nitavaa suruali yako, nitafunga kilemba chako, nitatembea unavyotembea mbele ya mjane wako na wakwe."

"Suruali ipi?"

"Ile iliyo kwenye kamba," alibahatisha.

"Ile ina kiraka matakoni, mwanamke!"

"Nitainama mara nyingi."

"Chimbeni!" mzee alifoka, na kifusi kizima kikatetemeka. "Chimbeni upesi, nasema, nitoke nikaifiche!"

Nani alikuwa juu? Nani alikuwa chini? Siwema hakuwa na hakika tena. Alihisi boriti kifuani pake. Alihisi giza. Ni mimi niliyebanwa, mzee ndiye anayeniita. Ni mimi ninayejipanga kujibu. Jina lako ni nani? Sijui, niite unavyoita watu wa kwetu. Nitukane nijue niko wapi. Kuna mtu juu yangu anacheka, kwa hiyo kuna juu. Kuna juu, kwa hiyo kuna kutoka. Mkono wa nani huu? Wangu, wako, wa mtu. Vuta. Vuta, mtani, vuta! Na kichwa kikatokea kwenye ufa, cheupe kwa vumbi, kikafumba macho kwa mwanga, kikasema kwa uchungu mkubwa: "Natoka kichwa mbele kama mtoto mchanga, na mkunga wangu ni wa Kilimani. Nirudisheni."

Siwema alisikia watu wanacheka. Alidhani ni kikosi. Alipofumbua macho alikuwa uwanjani, amesimama mbele ya ushungi mweusi, na kumbe yote yale ameyasema kwa sauti, ameyaigiza, amepiga magoti, amelala kifudifudi juu ya zulia la serikali. Nguo zake rasmi zilikuwa na vumbi, na ni yeye mwenyewe aliyekuwa anacheka, kutoka magotini.

Uwanja ulikuwa umeganda. Midomo ya watu ilikuwa nusu wazi. Mkuu wa Huzuni alipunga kitambaa kwa nguvu, lieni, lieni, na hakuna aliyejua afanye nini na uso wake.

"Lakini kile kiraka," ilisema sauti nzito, ya mtu mwenye mapafu, "ulikitaja kwa faida gani?"

Mzee Mfaume alikuwa amesimama kando ya kiti. Kivuli chake kilikuwa miguuni pake, kirefu, cheusi tii, na mchanga ulimdidimia chini ya visigino. Mkewe, aliyekuwa safu ya nyuma, alipiga yowe: "Mume wangu! Ulikuwa wapi wewe?" "Umenikalia, mwanamke!" mzee alijibu, na hapo watu walishindwa. Kicheko kilianza pembeni, kwa mtu aliyejaribu kukigeuza kikohozi. Kikapita safu hadi safu. Wa Kilimani wakawatazama wa Bondeni, waliosimama nao miaka yote kama maiti wenzao, wakakumbuka kuwa wana madeni ya matusi ya miaka mingi. Siwema alimkumbatia mzee, akamsikia ni mzito, ana jasho, ana harufu ya tumbaku, akafurahi kama hajawahi kufurahi maishani.

Kisha akakumbuka mstari wa mbele. Mama Salha alikuwa bado amekaa. Hakucheka. Watu walimwona, na kicheko kikafifia uwanja mzima, kila mmoja akiona haya kwa zamu yake.

Katika utulivu huo Siku ilikohoa.

Haikuwahi kutoa sauti tangu ilipokaa. Walinzi waliruka. Ilipandisha mkono, ikaushika ushungi kwa ncha, ikauvua ikauweka mapajani, na watu wakaona uso ambao hawakuutegemea: uso wa kawaida tu, wa siku yoyote, wenye usingizi kidogo.

"Nilikuwa na asubuhi mimi," Siku ilisema. "Ilikuwa nzuri. Palikuwa na umande, watu walikunywa chai. Mnakuja kila mwaka mnanianzia adhuhuri. Hakuna hata mmoja anayeijua asubuhi yangu?"

Mkuu wa Huzuni alitazama kitambaa chake kana kwamba majibu yameandikwa humo.

"Mimi naijua," alisema Mama Salha.

Alisimama. Alikuwa mfupi kuliko Siwema alivyomfikiria miaka yote ile. Alitembea hadi mbele, akasimama mahali pa kutolea ushahidi, akaikaza kanga yake kiunoni.

"Asubuhi ile Salha alivaa kanga yangu," alisema. "Hii hii. Akatoka uani akaanza kuwagombeza kuku kwa sauti yangu. 'Mmekula, mmekunywa, na bado mnaniangalia! Mnafikiri mimi baba yenu?'" Aliigiza sauti, na ilikuwa sauti yake mwenyewe iliyopita kwa msichana ikarudi. "Jirani akaitikia ng'ambo ya ua, 'Mama Salha, leo umeamkia upande gani?' Mtoto hakushtuka. Akamjibu kwa sauti yangu, wakapiga soga, akamsengenya mjomba wangu, akamwahidi jirani kwamba Ijumaa nitampikia pilau. Mimi niko ndani, andazi mdomoni, nacheka nimejilaza chini, siwezi hata kutoka nikakanushe. Ijumaa jirani alikuja na sahani. Alikuja matangani na sahani, jamani, maskini, hakujua aiweke wapi."

Watu walicheka. Walicheka na yeye alicheka nao, mabega yakimtikisika, na machozi yakaanza kumshuka bila kitambaa cha mtu yeyote kupungwa. Mkuu wa Huzuni alikuwa amekitumia chake kufutia macho, kikakunjamana vibaya.

"Alitoka mlangoni kwangu anacheka," Mama Salha alisema. "Nimekaa hapa miaka yote mnanililia mtoto msiyemjua. Mnamlilia kama alizaliwa adhuhuri ile."

Akamgeukia Siwema. Siwema aliinamisha kichwa.

"Mama," alisema, "nisamehe. Siku ile ulinipita na machela, mimi nili—"

"Nilikusikia. Nilikuona na meno yako yote." Mama Salha alijipangusa pua kwa pindo la kanga. "Nilikuchukia kuanzia pale mpaka kwenye gari. Nilipofika kwenye gari nikawaza, kumbe kuna mtu bado anacheka. Basi mwanangu hakuondoka na kicheko chote. Nimekuwa nikija hapa kila mwaka nikingoja ukiseme, nipate pa kumtajia wangu. Na wewe unasimama hapo, tulichimba, tulichimba, kama fundi wa visima!"

Mzee Mfaume aliangua kicheko. Siwema alijaribu kujizuia akashindwa, na Mama Salha akamshika bega kwa mkono wenye nguvu, akamtikisa kama mtu anayemwamsha mwanawe aende shule.

"Mwakani," alimwambia, "naanza mimi."